Gamba la kobe likilainika, likinuka au likipasuka: la kufanya kabla hujakimbilia dawa

Kobe wangu wa kwanza alikuwa wa maji, anaenea kiganjani, mwenye michirizi myekundu nyuma ya macho. Nilipewa na rafiki aliyekuwa anahama Entebbe. Nikamweka kwenye beseni la bluu sebuleni, kando ya dirisha, mahali ambapo jua la asubuhi lilimpiga vizuri. Chakula chake kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, kila siku, kwa sababu aliipenda na mimi nilipenda kumwona akiirukia. Mwezi wa nane nikamshika ubavuni ili nimwoshe, kidole gumba kikazama. Ukingo wa gamba ulibonyea kama mfuniko wa kopo la siagi, na nilipoachia ukarudi taratibu.

Jua nililodhani anaota lilikuwa linaishia kwenye kioo. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia ile miale ambayo mwili wa kobe huitumia kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hata kalsiamu anayokula, yale madini ya kujenga mifupa, haifiki kwenye mifupa. Tangu hapo, mtu akiniletea kobe mwenye gamba bovu, kabla sijamgusa naomba nionyeshwe beseni lake. Mara nyingi ugonjwa wenyewe nauona humo humo.

Kwanza ujue unafuga kobe gani

Kwa Luganda wote ni enfudu, na ukisema enfudu kila mtu ameelewa. Kwenye matunzo haitoshi. Kuna wa maji na kuna wa nchi kavu. Wa maji anayeuzwa kama pambo karibu dunia nzima ni huyo wa Marekani mwenye alama nyekundu kichwani. Wa kwetu ni wale wa madimbwi, wenye rangi ya tope na harufu kali ukiwaudhi, na wale wa Ziwa Viktoria ambao sehemu ya mbele ya gamba la tumboni ina bawaba, wakiogopa hufunga kama mlango. Wa nchi kavu anayejulikana zaidi ni yule mwenye madoa kama chui. Yuko mwingine mdogo ambaye bawaba yake iko mgongoni, upande wa nyuma. Nimewahi kuletewa huyo nikiambiwa kavunjika mgongo, eti nyuma kunacheza. Hakuwa amevunjika, ndivyo alivyoumbwa. Na yuko mkubwa wa mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, ambaye gamba lake limefunikwa ngozi tu na ni laini maisha yake yote. Huyo si wa kufuga, mwache mtoni.

Tukiwa hapo hapo: kobe wa porini analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na kumweka nyumbani bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ni kosa. Ukimkuta anavuka barabara, mvushe kuelekea upande aliokuwa akienda, kisha shika njia yako. Usimpakie kwenye gari. Na huyo wa Marekani ukimchoka usimtupe ziwani wala kwenye kinamasi. Hakuzaliwa huku, na akizoea atawanyang'anya wenyeji chakula na mahali pa kuotea jua.

Hatua ya 1: Mkague mchana, kwa mikono yako

Katuni zimetudanganya: kobe hawezi kuvua gamba akaliacha mlangoni. Gamba ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu ya mfupa huo vimepangwa vigae vya kitu kilekile kilichotengeneza kucha zako. Chini ya vigae kuna damu na kuna neva. Ukimkwaruza anahisi, ukimtoboa anaumia. Mapafu yake nayo yako juu, yamebanana na gamba la mgongoni. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye mipasuko.

Mtoe nje asubuhi, mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha. Tumia maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukiyamwagia mkononi huhisi joto wala baridi, na mswaki laini ambao hautarudi tena bafuni. Usitie sabuni. Sugua taratibu mpaka tope na kijani vitoke, umkaushe kwa kitambaa safi, ndipo uangalie. Gamba lenye maji huficha mengi.

Hesabu vigae vikubwa vya mgongoni: vitano katikati, vinne kila ubavu, jumla 13, halafu vile vidogo vinavyozunguka ukingo. Chora duara kwenye karatasi, vipange humo, uweke alama palipo na doa. Kisha piga picha ukiweka sarafu ya shilingi 500 kando ya doa. Wiki ijayo utapiga nyingine na sarafu ileile, na hutakuwa na haja ya kubishana na mkeo kama doa limekua au ni macho yako.

Bonyeza kwa kidole gumba, polepole, kigae kimoja baada ya kingine, mgongoni na tumboni. Kobe aliyezaliwa majuzi gamba lake hulegea kidogo, hilo si neno. Aliyefikisha mwaka anapaswa kuwa mgumu kila mahali. Halafu nusa. Ndiyo, msogeze puani. Kobe mzima hunuka maji ya ziwa au majani. Anayeoza hunuka kitoweo kilicholala. Tazama gamba la tumboni: wekundu au uwaridi unaosambaa chini ya vigae, hasa kama unaandamana na unyonge, ni dalili kwamba sumu ya maambukizi imeingia kwenye damu. Huyo hatibiwi nyumbani. Acha kusoma, mpeleke kwa daktari leo.

Mwisho mpime uzito. Kama huna mizani ya jikoni, mwenye duka la nafaka atakusaidia, atacheka lakini atakusaidia. Andika gramu na tarehe.

Waswahili husema ukimwona kobe kainama ujue anatunga sheria. Mimi nikimwona kainama, macho kayafumba, siku ya pili hajala, sisubiri hiyo sheria ipitishwe.

Hatua ya 2: Ondoa yasiyo ugonjwa

Kijani kinachoteleza kwenye gamba la kobe wa maji ni mwani. Hutoka kwa mswaki na haudhuru, ila unakuambia maji yamekaa sana. Mikwaruzo ya duara ndani ya kila kigae ni alama za kukua. Ukungu mweupe unaobaki gamba likikauka na kupotea likilowa mara nyingi ni chumvichumvi za maji ya bomba au ya kisima.

Kinachowatisha watu zaidi ni kubambuka. Kobe wa maji akikua, kigae cha juu huachia kizima, chembamba kama karatasi ya nailoni, unaweza kuona mwanga upande wa pili, na chini yake kuna kipya kigumu chenye rangi safi. Hiyo ni kama nyoka kuvua ngozi. Usikivute, kitadondoka chenyewe. Kigae kinachotoka kikiwa kinene, au chini yake pakawa na mfupa mweupe, unyevu au harufu, hicho ni kingine kabisa, nenda hatua ya 4. Kobe wa nchi kavu hambambuki hivyo, kwa hiyo kwake kigae chochote kinacholegea ni swali la kujibiwa.

Hatua ya 3: Gamba laini, anza na jua kisha sahani

Miongozo mingi ya nje huanza na taa maalumu za miale ya jua. Ni nzuri kwa mtu wa London mwezi wa Desemba. Sisi mstari wa ikweta unapita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, watalii wanasimama kupiga picha mguu huku mguu kule, halafu tunamfungia kobe sebuleni. Jua ndiyo dawa, na halina bei.

Mtoe nje kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Nusu saa mpaka saa nzima kwa siku inatosha kuanzia. Jua la moja kwa moja, si la dirishani, si la kupitia mfuniko wa plastiki. Lakini hapa ndipo wengi wanawaua: wanaweka beseni dogo juani bila kivuli, wanaenda kufua. Maji ya beseni la lita 10 hupata moto upesi, na kobe hana jasho la kumpoza. Nusu ya beseni au boma lake iwe na kivuli kila wakati, awe na jiwe au ubao wa kupandia akauke, na ufunike kwa wavu wa kuku. Mwewe hachagui, na kaloli, wale korongo wakubwa wa Kampala, humeza vitu ambavyo ukivisimulia hutaaminika.

Sasa sahani. Nyama tupu, maini tupu, mkate, wali: humo fosforasi ni nyingi na kalsiamu ni kidogo, na mwili ukikosa kalsiamu huenda kuichota kwenye mifupa, yaani kwenye gamba. Lengo ni kalsiamu iwe kama maradufu ya fosforasi. Huna haja ya kikokotoo. Kwa kobe wa maji mpe mukene, wale dagaa wa ziwani, mzima na mifupa yake na kichwa chake. Waliokaushwa waloweke na uwaoshe vizuri, kwa kuwa huanikwa mchangani, na wale wenye chumvi waache. Ongeza minyoo ya ardhini, na majani. Kobe aliyekomaa wa ile jamii ya Marekani hula majani kuliko watu wanavyodhani. Kwa wa nchi kavu nyama iondoe kabisa, na chakula cha mbwa pia. Huyo ni wa nyasi, majani ya uani, majani ya viazi vitamu, ua la haibiskasi. Dodo, yaani mchicha, na spinachi zina kitu kinachoshika kalsiamu isitumike, basi zichanganye na majani mengine zisiwe chakula cha kila siku.

Kalsiamu ya ziada? Muuza rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, wa kona yetu hutupa maganda ya mayai ndoo nzima kila jioni. Nilipomwomba mara ya kwanza aliniuliza, "Ssebo, kuku wako wamezidi nini?" Nikamwambia ni ya kobe, akaita wenzake waje wanione. Yaoshe, yachemshe dakika 10, yaanike, yasage yawe unga, unyunyize kidogo kwenye chakula mara tatu au nne kwa wiki. Maduka ya chakula cha kuku nayo huuza makombe ya ziwani yaliyosagwa. Usiyachanganye na unga wa mifupa ambao una fosforasi nyingi tayari.

Kama gamba limelainika tu na kobe anakula, anatembea vizuri, ratiba hii itaanza kuonyesha ugumu baada ya wiki kadhaa, na kukamilika miezi. Umbo lililopinda halinyooki tena. Wa kwangu mpaka leo amekunjamana upande wa kulia kama sufuria iliyoanguka. Lakini miguu ikitetemeka, akiburuta ile ya nyuma, au taya limekuwa laini hawezi kuuma, kalsiamu ya damu imeshuka na anahitaji daktari, pengine sindano. Unga wa maganda ya mayai hautamwahi.

Hatua ya 4: Gamba kuoza

Huu ndio ugonjwa ninaouona zaidi, na karibu kila mara kwa kobe wa maji asiye na mahali pa kukaukia. Bakteria na kuvu wako majini siku zote. Wanachosubiri ni mlango: mkwaruzo wa saruji mbaya chini ya tangi, jino la mwenzake, kigae kilicholegea. Maji machafu na baridi ya usiku humaliza kazi. Tangi la saruji lisilopigwa lipu laini humsaga kobe tumbo kidogo kidogo, na tumboni hakuna anayemtazama.

Kuna kuoza kwa juu na kuoza kwa ndani, na lazima utofautishe kabla hujafungua chupa yoyote. Kwa juu ni doa jeupe au la kijivu, limekwaruzika, kigae kimeinuka ukingoni, chini pagumu. Kwa ndani ni shimo. Ukibonyeza panazama, panatoa majimaji au damu, au kuna kitu kigumu cha manjano kama jibini. Hicho ni usaha, maana usaha wa kobe hautiririki kama wetu. Kuoza kwa ndani ni kwa daktari, kwa sababu anahitaji kusafishwa akiwa amepewa dawa ya maumivu na pengine antibiotiki ya sindano.

Kwa ile ya juu, fanya hivi.

Nunua duka la dawa chupa ya povidoni-iodini ya asilimia 10, krimu nyeupe ya silva salfadiazini, ile wanayopaka walioungua moto, na glovu. Mswaki laini unao.

Safisha kwa maji ya uvuguvugu kama ulivyofanya kwenye ukaguzi. Kipande kilicholegea chenyewe kiondoe kwa vidole. Kinachokataa kiache. Nimeona mtu akichokonoa kwa ncha ya kisu cha jikoni "atoe uchafu wote", akafika kwenye mfupa ulio hai. Kobe akajificha ndani siku tatu hakula, na doa la ukubwa wa punje ya mahindi likawa jeraha la ukubwa wa sarafu.

Changanya iodini sehemu moja na maji yaliyochemshwa yakapoa sehemu kumi. Rangi yake iwe ya chai kavu nyepesi. Ikiwa nyeusi kama kahawa umezidisha, itaunguza. Paka kwa pamba au mswaki mpya, acha dakika 10, suuza, kausha kabisa, hata kwenye mikunjo. Kisha krimu, utando mwembamba tu unaopitisha mwanga. Krimu nene hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio tunaoukimbia.

Sasa inakuja sehemu ambayo watu hawana subira nayo: mkaushe. Kobe wa maji mgonjwa wa gamba aishi pakavu, kwenye beseni lisilo na maji lililotandikwa taulo safi au gazeti linalobadilishwa kila siku, na kijisanduku cha kujificha. Mrudishe kwenye maji safi ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, kama saa moja kila mara, ale na anywe, kwa sababu wengi hawawezi kumeza nje ya maji. Baada ya maji ya jioni ndipo unapofanya zoezi la iodini na krimu, akae na dawa usiku kucha. Kwa mtoto mdogo ongeza muda wa maji, hukauka upesi na figo zikaumia. Wa nchi kavu yeye mwondoe kwenye sakafu yenye mkojo na matandiko yaliyolowa, umpe maji ya kina kifupi ya kunywa.

Joto ni nusu ya tiba. Kinga ya kobe hufuata joto la mahali alipo, kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye nyuzi 18 usiku wa Kampala, sembuse Kabale, hapambani na chochote. Mlengee nyuzi 26 mpaka 30. Balbu inayotoa joto ndani ya kofia ya chuma, juu ya upande mmoja wa boma, asiifikie, inafaa. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, izungushie taulo, mwekee kando, ubadilishe ikipoa. Usimweke jikoni karibu na sigiri. Moshi wa mkaa ni sumu kwake kama kwako, na joto lake huna namna ya kulipima.

Endelea kila siku kwa wiki mbili. Siku ya saba toa picha ya kwanza, linganisha. Doa likiwa limekauka na mipaka yake haijasogea, unaenda vizuri. Likiwa limepanuka, limelainika, au harufu ipo, usiongeze dawa; daktari.

Wakati huo huo beseni la zamani lipangusie dawa ya kuua vijidudu, lisuuze sana, lianike juani. Jipya liwe na sehemu ya kupanda akauke kabisa, tumbo na mgongo. Maji ya bomba yaweke kwenye jerikeni wazi usiku mzima klorini ipungue. Badilisha yote kila unapoona yamechafuka. Kwa beseni lisilo na chujio hiyo ni karibu kila siku, hasa kama unamlishia humo humo. Mimi namlishia kwenye beseni la pili. Kazi ya maji imepungua nusu.

Hatua ya 5: Gamba lililopasuka

Mbwa, boda boda, kuanguka kutoka baraza la ghorofa, na slasha. Hiyo ya mwisho ni yetu sisi: kijana anafyeka nyasi za uani, kobe amejilaza humo amejifanya jiwe. Kabla ya kufyeka, mtafute kwanza.

Kinachotoka damu kikandamize kwa kitambaa safi dakika tano bila kuchungulia. Uchafu wa juu uoshe kwa maji ya chumvi ya hospitali. Kama huna, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, yakiwa yamepoa. Ila kama ufa uko mgongoni na unaona utando unapanda na kushuka anapopumua, usimwagie kitu. Maji yataingia ndani alipo na mapafu. Funika kwa shashi safi iliyoloweshwa maji hayo ya chumvi na kukamuliwa, mzungushie bandeji, mwingize kwenye boksi la katoni lenye matundu na taulo chini. Mweke ndani, mbali na nzi, maana funza hutokea siku hiyo hiyo.

Usimrudishe majini. Usimpake gundi yoyote, ya viatu, ya haraka, ya bomba. Gundi huziba uchafu na vijidudu ndani ya mfupa, na daktari atalazimika kuibandua kwa maumivu zaidi. Madaktari huunganisha vipande kwa skrubu ndogo na waya au vibao, na mfupa huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kujifunga. Hata anayeonekana amekwisha mpeleke. Kobe hukata roho polepole sana, na wengine waliokwisha kuliliwa wameamka.

Mambo mengine, kwa kifupi

Vigae vinavyoinuka kama piramidi kwa kobe wa nchi kavu hutokana zaidi na kulelewa pakavu mno utotoni, na lishe mbaya. Havishuki tena, unachoweza ni kuzuia vipya visiinuke, kwa unyevu na majani.

Kutoboa tundu ukingoni ili apitishwe kamba ni kumtoboa mfupa. Jenga ua wa matofali, urefu wa magoti unatosha. Rangi ya kucha, rangi ya mafuta, mafuta ya kupikia ya kumfanya ang'ae: vyote acha. Akiwa tayari amepakwa rangi ya mafuta usitumie tina kuitoa.

Kupe hujibana kwenye mikunjo ya ngozi na kati ya vigae, ruba kwa wale wa madimbwi. Watoe kwa kibanio, paka iodini.

Dawa za kukataa, hata ukipewa na mtu unayemheshimu

Aivamektini. Kila mfugaji wa ng'ombe na mbuzi anaijua, wengi wanayo kwenye mfuko, na kwa mbwa hutumika pia. Kwa kobe ni sumu: hupooza, anaweza kufa. Ukienda kwa daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe, mwambie kabla hajafungua begi, kwa heshima: "Daktari, naomba tusitumie aivamektini kwa huyu." Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ikae mbali, hata kama ana kupe.

Ile dawa ya zambarau ya vidonda huweka rangi inayoficha doa, usijue linakua au linapona. Spiriti huunguza. Antibiotiki za binadamu zilizobaki kabatini usizisage kwenye chakula.

Muulize daktari kama amewahi kutibu kobe. Si matusi, wengi watakujibu ukweli na kukuelekeza kwa mwenzao. Kampala pa kuanzia kuulizia ni chuo cha udaktari wa mifugo cha Makerere. Wanyamapori wana kituo chao Entebbe, pale watu wazima bado wanapaita zuu. Chukua karatasi yako ya vigae, picha, uzito, na picha ya beseni. Sindano nyingi za kobe huchomwa nusu ya mbele ya mwili, kwenye mkono, kwa kuwa damu ya nyuma hupitia figo kwanza. Akielekea mguu wa nyuma, uliza.

Kumrudisha majini

Wiki mbili zimepita, doa ni kavu, gumu, halina harufu. Anza na saa tatu za maji mchana, siku inayofuata sita, kisha alale humo. Mkague kila siku wiki ya kwanza, kisha kila Jumapili. Kobe wazima nao wanaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila kuugua, ndiyo maana Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa chini ya sentimita 10, watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Maji yake yamwagwe chooni, si kwenye sinki la vyombo.

Palipooza hubaki kovu, na rangi yake haitalingana na vingine. Wa kwangu alipata lake baadaye, kwa uzembe wa tangi la saruji, ana doa la rangi ya maziwa kwenye kigae cha tatu cha ubavu wa kushoto. Wageni wakiliona huuliza kama ni fangasi. Nawapa wamshike, wabonyeze wenyewe waone palivyo pagumu, kisha nawaonyesha bomba na sabuni.